Pinioni ya Meno Kumi

Kwako Mutinda, baba Mwende,

Nakuandikia nikiwa nimekaa kwenye gogo nje ya karakana ya Nzioka hapa Kikima. Ni asubuhi, jua limeanza kuchoma, na pikapu yako iko juu ya mawe bila magurudumu ya nyuma. Nzioka yuko chini yake, namwona miguu tu. Karatasi nimeichana kwenye daftari la hesabu la Mwende, kwa hivyo usinicheke ukiona miraba. Tangu unioe sijawahi kukuandikia barua, maana hukuwahi kulala mbali nami zaidi ya siku mbili. Sasa umelala miaka minne nyuma ya zizi la baba yako, na mimi napita hapo kila asubuhi nikienda kukama.

Kuna jambo nimekuficha. Nilitaka kukuacha. Nilitaka kuwachukua watoto na hii pikapu, nishuke mlima huu nikaishi Kwa Vonza, na nilifika mpaka mahali pa kununua gia za kuondokea. Wanawake wengine wakitaka kuondoka hufunga nguo. Mimi nilibadilisha difu, zile gia za ekseli ya nyuma. Nataka uisikie kwangu kabla hujaisikia kwa mwingine, ingawa najua hapo ulipo hakuna wa kukupelekea umbea.

Unakumbuka siku uliyonitoa Mutomo? Ulipakia kitanda changu, cherehani yangu, magunia mawili ya pojo na mbuzi wawili wa mjomba ambao walilia njia nzima kuliko hata mama yangu. Siku hiyo pikapu ilikuwa bado na gia ilizokuja nazo. Kwenye barabara tambarare ya kwetu ilikwenda vizuri sana, ukawa unapiga mluzi wimbo wa kwaya na kuniangalia badala ya kuangalia mbele, mpaka nikakwambia nataka kufika kwenu nikiwa mzima. Tukapita Kitui, tukavuka mto, tukaanza kupanda Mbooni. Kwenye kona ya mwisho kabla ya kwenu pikapu ikagoma. Injini ilipiga kelele, magurudumu yakakataa, klachi ikaanza kutoa harufu, na mbuzi wakateleza wote nyuma.

Ulishuka ukaangalia chini ya gari ilhali ulijua hakuna kitu cha kuangalia. Wanawake wa kwenu waliposikia wakateremka na mikanda yao ya kubebea kuni. Mmoja alichukua kitanda, mwingine magunia, na mimi nikafungiwa kichwa cha cherehani mgongoni, mkanda ukakaa kwenye paji la uso, nikapanda kwenu kwa miguu nikiwa na gauni langu jeupe. Walinicheka mpaka jioni kwamba bibi arusi wa Mutinda amejileta mwenyewe. Mimi nilicheka nao. Wewe hukucheka, na wiki nzima ulikuwa unakula nusu sahani.

Mwezi haukuisha ukashuka Emali ukarudi na gunia zito, ukalitua mlangoni kwetu kama mtu aliyeleta nyama. Ukaniambia, "Nimekuletea gia za mlima. Hutapanda tena kwa miguu." Rafiki zangu walioolewa mwaka ule waliletewa vitenge na viatu. Mimi niliolewa na mtu wa kuniletea pinioni ya meno manane.

Ulinieleza kwa sahani na kikombe juu ya meza. Sahani ndiyo gia kubwa, mnaiita kraun, ina meno arobaini na moja. Kikombe ndicho pinioni, gia ndogo inayoisukuma ile kubwa. Pinioni ikiwa na meno kumi, gari linakimbia lakini mlimani halina nguvu. Ikiwa na meno manane, litapanda ukuta, lakini barabarani litaachwa hata na mtu wa baiskeli. Tofauti ni meno mawili tu. Na kwa nje, ulisema, huwezi kujua ni zipi zimo mpaka uinue gurudumu moja kwa jeki, ulizungushe mara mbili kwa mkono, na mtu ahesabu propela, ile fito ya chuma chini ya gari, inazunguka mara ngapi. Tano na kitu ni mlima, nne na kitu ni barabara. Nilikuwa na mimba ya Mwende, nikapiga magoti kwenye vumbi nikakuhesabia. Ilikuwa tano na kitu, na ukafurahi sana.

Tangu siku hiyo sikupanda tena kwa miguu, hilo ulilitimiza. Lakini kwenda kwetu Mutomo kukawa kazi ya siku nzima. Tukitoka mlimani na kushika lami, injini inalia kama inachinjwa na bado malori ya mchanga yanatupita. Mama yangu alizoea kupika akijua chakula kitapoa. Tulianza kwenda kila mwezi, halafu mara mbili kwa mwaka, halafu Krismasi tu. Sikulalamika hata siku moja kwa sababu nilijua ulifanya kwa ajili yangu. Ni baada ya wewe kuondoka ndipo nilipoanza kuona kwamba zawadi ile ndiyo iliyonifungia hapa.

Nikuulize kitu. Ulipokuwa unanioa, kwa nini hukunieleza vizuri kuhusu baba yako? Kwetu pia tuna nthoni, najua mwanamke na baba mkwe wake wanaoneana haya, hawaketi pamoja, hawazungumzi ovyo. Lakini kwetu wengi walishalegeza, wanaketi benchi moja kanisani na hakuna aliyekufa. Baba yako ni mzee wa kanisa, amebatizwa, anajua Biblia kuliko mchungaji, na bado hajaiacha nthoni yake hata kidogo. Mara ya kwanza nilipowapeleka wazee sokoni nikiwa mimi dereva, nilimfungulia mlango wa mbele kwa heshima. Akauangalia ule mlango kama umemtusi, akaenda nyuma, akapanda juu ya kreti za avokado, akafungua mwavuli wake. Amesafiri hivyo miaka yote, mvua na jua, mzee wa mvi zote zile. Watu wa Kikima wakiona mwavuli mweusi unashuka mlima wanajua ni mimi nakuja.

Na kuzungumza naye ndiyo kabisa. Ulinifundisha mwenyewe, ukicheka, kwamba nikitaka kumsikia nisikilize anachomwambia ng'ombe. Atasimama zizini, mimi niko jikoni, atamwambia ng'ombe kwa sauti kubwa kwamba wanunuzi wa avokado wanakuja Alhamisi na gari liwe tayari. Kama si ng'ombe, ni mwaitu mama yako ndiye anayepokea ujumbe na kuniletea. Na kama hakuna wa kutumwa, kunatumwa vitu. Nikiamka nikute kreti tupu mlangoni, maana yake tushuke mapema. Nikikuta mtungi wa mafuta ya taa umelazwa ubavu, yameisha. Mimi nami nikajifunza kumjibu hivyo hivyo. Nikigeuza pikapu iangalie chini, nimekubali safari. Nikiiacha inaangalia juu, nimechoka. Hatukuwahi kukosana. Kuna ndugu wanaoongea kila siku ambao hawaelewani hivyo.

Ulipougua na ugonjwa ukakumaliza kwa miezi mitatu, nilidhani mambo haya yangelegea. Hayakulegea. Kilichobadilika ni kwamba pikapu ikawa mikononi mwangu, na mimi nikawa mikononi mwa mlima. Nabeba avokado za baba yako, na za majirani. Nabeba mbolea, maji ya kiangazi, viti vya harusi, kwaya, wajawazito, na maiti pia nimebeba, Mutinda, tatu. Hakuna anayenitendea vibaya. Kila mtu ananiombea baraka. Lakini asubuhi naenda chini na jioni narudi juu, na ng'ambo ile, siku za mawingu kidogo, naona tambarare ya Kitui imelala mpaka macho yanaishia, na mama yangu yuko huko anazeeka. Kwa miaka minne nimelala kwake mara mbili. Kuna siku nimesimamisha gari kwenye kona, nikazima injini, nikakaa tu nikipumua, kwa sababu nilihisi nikifika nyumbani sitatoka tena.

Kalekye, yule rafiki yangu wa shule, ana duka Kwa Vonza. Mwaka jana aliniambia chumba cha kando ya duka lake kiko wazi, shule iko karibu, na wanafunzi wa chuo wanatafuta kila siku gari la kuhamisha vitanda vyao. Huko ni tambarare, na kwa mama yangu ni mwendo wa asubuhi. Sikumwambia mtu. Nililibeba neno hilo kama mimba ya wiki mbili.

Halafu difu ikavunjika. Nilikuwa napanda na mbolea, kona ile ile ya kitanda changu, nikasikia mlio kama wa mtu anayetafuna mawe, na gari likasimama. Nzioka alipofungua, oili ilitoka na vipande vya chuma. Pinioni yako ilikuwa imepoteza meno matatu na kraun imeliwa upande mmoja. Nilitakiwa kusikitika. Nilisimama pale na mikono yangu miwili kichwani ili watu waone nimesikitika, na ndani yangu nilikuwa na furaha mpaka nikaogopa.

Baba yako alizungumza na ng'ombe siku hiyo hiyo. Alisema difu ni kitu cha kununuliwa, dunia haijaisha, na kwamba Mama Mwende achukue zile zile za Mutinda, kutoka pale pale Emali. Alirudia mara mbili. Hakuwa na shaka nami, ni vile tu alitaka ng'ombe asikie vizuri.

Nilishuka Emali na gia zako zilizovunjika ndani ya gunia. Muuzaji bado ni yule yule mtu wa kutoka mkoa wa kati, Baba Shiru, amenenepa sasa. Uwanja wake umejaa magari yaliyofunguliwa matumbo, na difu zimepangwa chini kwa safu, zimepakwa grisi, kila moja na namba iliyoandikwa kwa chaki. Akakumbuka jina lako nilipolitaja, akavua kofia. Akamwaga gunia, akahesabu meno yaliyobaki, akasema nisinunue gia moja moja, kwamba kraun na pinioni zimezoeana tangu kiwandani, ukizitenganisha zitalia mpaka ziuane. Nikamwambia najua, mume wangu alinifundisha. Akaniletea mbili nzima nzima, akaziweka miguuni pangu. Kwa macho ni pacha.

Akaniuliza, "Sasa mama, nikupatie ya mlima ama ya barabara?"

Ni swali la kawaida, anamuuliza kila mtu. Nyuma yake malori ya Mombasa yalikuwa yanapita moja baada ya jingine, hayasimami, hayahemi. Nilikumbuka ulichoniambia na sahani na kikombe. Nikasema, "Ya barabara."

Nzioka alipoifungua ili aioshe alihesabu kwa kidole kilichojaa grisi, akahesabu tena. Unamjua Nzioka, hana haraka. Akasema, "Mama Mwende, hii pinioni iko na meno kumi. Ile ya Mutinda ilikuwa nane." Nikamwambia aweke tu. Akauliza kama mzee anajua, nikasema anajua. Huo ndio uongo wa kwanza niliosema kwa mdomo katika habari hii yote, na niliyemdanganya ni shemasi wa kanisa letu.

Siku niliyoichukua sikwenda nyumbani moja kwa moja. Nilishuka mpaka kwenye lami, nikiwa peke yangu, bila mzigo. Mutinda, niliacha iende. Injini ilinyamaza na barabara ikaanza kupita chini yangu yenyewe. Nililia huku nacheka, na mtu akinisimulia kwamba aliniona nitakubali. Nilipogeuka kurudi nilijua tayari ni siku gani ningeondoka. Shule zingefungwa, ningewaambia tunakwenda kumwona nyanya yao wa Mutomo, na tungekaa. Kona ya mwisho niliipanda bila mzigo wowote, kwa gia ya kwanza, klachi ikinuka. Baba yako alikuwa ameketi kwenye kigoda chake anapukuchua mahindi. Hakuinua kichwa, lakini mikono yake ilisimama.

Asubuhi yake nilitoka na ndoo nikamkuta ameinua gurudumu la nyuma kwa jeki. Alikuwa amepiga goti moja, mkono mmoja unazungusha tairi, macho kwenye propela, midomo inahesabu. Ulimfundisha wewe, au yeye ndiye aliyekufundisha? Sikuwahi kuuliza. Aliponiona hakushtuka. Alishusha jeki, akaifuta, akairudisha mahali pake, akaenda zake. Siku nne hakuna kreti iliyowekwa mlangoni, na hakumwambia ng'ombe neno hata moja. Mwaitu aliniuliza kama nimemkosea mzee, nikasema sijui.

Jumapili tulipotoka kanisani, mbele ya watu wote, alikuja upande wa abiria, akafungua mlango, akaketi kando yangu.

Wanawake waliokuwa wakisalimiana waliachana mikono. Mwaitu aliweka mkono mdomoni. Yeye aliwaambia watoto watembee na mwaitu, susu wao, akafunga mlango, akaniambia mimi mwenyewe, kwa mdomo wake, "Twende polepole." Nilikosa gia mara mbili. Hatukuangaliana. Aliongea akiangalia mbele, Kikamba chake kile cha taratibu, na nitakuandikia kama alivyosema.

"Mama Mwende, nilihesabu. Ni nne. Usiogope, mimi sina hasira. Mwingine angeenda kabla mchanga wa kaburi ukauke, na wewe umekaa na sisi miaka minne. Sasa umesema unaenda, na mimi nimesikia. Hii gari ni yako, Mutinda aliniambia akiwa kwa kitanda. Enda nayo. Ukipata mtu mzuri, olewa, mimi sitasema kitu. Na watoto wasikusumbue kichwa. Mimi na susu wao tutalea. Hao ni wa hapa."

Umeelewa alichofanya? Mimi nilimaanisha tunaondoka sisi watatu. Yeye alipata nne kwenye propela akasoma kwamba mwanamke anarudi kwao, na kwa akili yake mwanamke akirudi kwao hurudi peke yake, halijamjia wazo lingine lolote. Alikaa siku nne akijilazimisha kunisamehe. Akaivunja nthoni ya maisha yake yote ili anipe ruhusa. Ile ndiyo zawadi kubwa kuliko zote alizowahi kumpa mtu, na ilikuwa inaninyang'anya watoto.

Nikasema, "Ndio, baba."

Nijichape kwa hilo mpaka lini? Miaka yote ya kuzungumza naye kwa kreti na mitungi, maneno pekee niliyokuwa nayo ya kumwambia mzee yule yalikuwa hayo mawili, na yalitoka yenyewe. Kumbishia mkwe ana kwa ana ni kitu ambacho mdomo wangu haujui kinaanzaje. Akaitikia kwa kichwa akaridhika. Tulipofika alishuka, akaenda nyuma ya zizi kwako, akasimama hapo kitambo.

Jumatatu nilimfuata mwaitu akichambua maharagwe, nikamwomba amwambie baba kwamba sikumaanisha kuwaacha watoto. Aliacha kuchambua. Akaniuliza, "Ulitaka kwenda nao?" Akaniambia, bila kupandisha sauti, "Mutinda alienda. Na hao wawili wakienda, mimi niamke asubuhi niangalie nini?" Mikono yake ilikuwa ndani ya maharagwe na haikuweza kutoka. Nilimwambia sijasema nakwenda nao. Nikachukua ungo mwingine, nikakaa, tukachambua pamoja.

Kalekye ananipigia kelele kwenye simu. Anasema mimi ndiye mama yao, sheria iko upande wangu, niwapakie niende na anayetaka aende kortini. Ni kweli. Sheria naijua. Lakini ni nani atakayesimama mbele ya mzee aliyenipa gari na baraka, na mbele ya mama aliyemzika mwanawe, amwambie nimekuja na barua ya korti? Wangekuwa watu wabaya ningeshaondoka zamani. Ubaya una mlango. Hawa wananipenda kila upande, na sioni pa kupitia.

Bado ningejaribu, Mutinda. Nilikuwa nahesabu siku. Kilichonimaliza ni Jumatano, nikimsuka Mwende. Alikuwa ameketi kati ya magoti yangu, amenipa kisogo, mdogo wake Muuo analala kwenye mkeka. Akaniuliza bila kugeuka, "Mama, unaenda lini? Umau ametuambia tusilie." Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyejizoeza. Mtoto wa miaka kumi na mmoja, amepewa kazi na babu yake ya kunirahisishia safari, na alikuwa anaifanya. Nilimaliza kumsuka. Sijui nilisukaje, mistari ilienda kombo na akaenda nayo shule hivyo hivyo.

Asubuhi iliyofuata nilimwambia Nzioka aitoe difu, nikashuka nayo Emali. Baba Shiru alicheka aliponiona, akaniuliza kama barabara imenishinda. Nilimwambia sina maelezo, anipe ya mlima. Alikuwa bado nayo, mahali pale pale, chaki haijafutika. Akanibebea mwenyewe mpaka stejini, na hakuuliza tena kitu.

Ndiyo hiyo Nzioka anafunga sasa. Kesho baba yako atapiga goti, atahesabu tano na kitu, na atajua nimemjibu nini. Hatasema neno. Atapanda tena nyuma na mwavuli wake, watoto wataambiwa mama haendi popote, na watu wa kanisani watasema nina moyo wa dhahabu. Mwaitu atanichinjia kuku. Nitamla.

Basi wewe angalau ujue ukweli, maana ni wewe tu ninayeweza kukwambia. Wote watafikiri nimebaki kwa ajili yako, kwamba nimeshindwa kuliacha kaburi lako. Nakupenda, hilo halijaisha, kuna siku bado nakuwekea chai. Lakini kama kungekuwa na njia ya kuwatoa Mwende na Muuo huku bila kuvunja mtu, ningepita hapo nyuma ya zizi leo hii na nisingegeuza shingo. Nimebaki kwa sababu ya watoto wako. Wewe ningekuacha.

Nzioka ametoka chini ya gari, anafuta mikono, ananiita nikaijaribu mlimani. Lala salama, Mutinda. Usiniombee subira huko uliko, ninayo nyingi kupita kiasi.

Ni mimi,
Mama Mwende